Shujaa Aliyeitwa Bonge

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya friji, napaka povu la sabuni kwenye bomba la shaba ili nione gesi inavujia wapi, mara shangazi wa mchumba wangu mshonaji akavuta kigoda akaketi karibu yangu.

"Fundi, Jumamosi wajomba zako wanakuja kuposa au hawaji?"

"Sijawaambia wasije, Shangazi."

"Na mwanangu anasema hawaji. Nimsikilize nani? Leo Alhamisi, nina nyumba ya kupiga deki na viti vya kuazima."

"Namba yangu ameifungia. Simpati."

"Umpate wapi tena? Yuko ukuta wa pili hapo. Siku tisa mmenigeuzia nyumba kuwa matanga, kisa mchezo wa simu."

Kwenye chumba cha pili cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea kwa kasi.

Mimi na mshonaji huyu tulikutana kwenye mchezo wa kujenga ufalme. Unajenga ngome, unaajiri mashujaa, unawatuma safari za kutafuta hazina. Ufalme ulikuwa wake, alirithi kwa marehemu kaka yake. Tulipopendana akanipa neno la siri tukatawala wawili, kila mtu na simu yake. Friji nilijifunza kwa kufungua mbovu, mchezo nikajifunza kwa kuandika kila kitu kwenye daftari, na wachezaji wenzetu kwenye kundi wakaniita Mshauri. Kila asubuhi niliwawekea somo. Usitume mashujaa wote mara moja, ngome itabaki tupu. Safari fupi mchana, ndefu ukienda kulala. Mpiganaji asitoke bila mganga.

Siku tisa nyuma niliandika hivi:

"Msimwonee huruma shujaa dhaifu. Anakula bure na kujaza chumba. Myeyusheni, nguvu zake ziende kwa mwenye faida. Mimi jana nimemyeyusha mmoja anaitwa Bonge, mzito kama gunia la saruji. Jenerali wangu amepanda ngazi mbili."

Kundi zima likacheka. Hazikupita dakika tatu, mshonaji akaniandikia:

"Waambie wajomba zako wasije."

"Nimekosa nini?"

"Bonge."

Nikamjibu asijali, nitamtafutia mwingine mwenye nguvu mara tatu. Hapo ndipo alipoifungia namba yangu.

"Shangazi," nilisema, "shujaa mmoja dhaifu ndiyo avunje posa?"

Shangazi alisogeza kigoda. Akashusha sauti.

"Bonge unamjua ni nani?"

"Shujaa tu."

"Kaka yake. Hapa nyumbani ndivyo tulivyomwita tangu anatambaa. Tulipomzika, jina hilo hakuna aliyelitaja tena. Hata mimi leo ndiyo mara ya kwanza."

Povu lilikauka vidoleni. Kwa miezi minane nilikuwa namsikia "marehemu kaka", basi. Sikuwahi kuuliza zaidi.

Nilifuta mikono kwenye suruali, nikatoa simu, nikaandika kwenye kundi:

"Mshauri hapa. Lile somo la kuyeyusha mashujaa dhaifu lifuteni. Bonge halikuwa jina la kuchekea, ni jina la mtu wa nyumbani kwa mwenzangu, na sikuuliza. Ukishiriki ufalme na mtu, kabla ya kumyeyusha shujaa muulize huyo ni nani. Mliocheka hamna kosa, niliwachekesha mimi."

Simu ililia chumba cha pili. Cherehani ikanyamaza, na safari hii haikuendelea. Mshonaji akatokea mlangoni, tepe ya kupimia shingoni.

"Nani kakwambia?"

Shangazi akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Ningekwambia mwenyewe," mshonaji alisema. "Kila nikifungua mdomo naona nitalia mbele yako."

"Ungelia tu."

"Nimelia bila wewe. Ulimwita gunia la saruji."

"Ndiyo."

"Na watu wakacheka."

"Walicheka. Nisamehe."

Akaegemea mlango.

"Na yeye angecheka. Alimpa shujaa yule jina lake kwa sababu wote wawili walikuwa hawawezi kukimbia. Alisema kila ngome inataka mtu wa kukaa langoni."

Alinipa simu yake.

"Tazama. Usiseme kitu."

Mashujaa sita, wote majeruhi. Chini yao kuna picha ya Bonge, nusu kivuli: vipande kumi na kimoja kati ya arobaini.

"Unamkusanya?"

"Aliyeyeyushwa anarudishwa kwa vipande, na vinapatikana Pango la Barafu tu. Siku tisa napeleka jeshi zima, linarudi vichwa vimepasuka. Nilidhani Mshauri ameona."

"Sijafungua ufalme tangu siku ile. Sikuona kama nina haki. Kwani neno la siri hukubadilisha?"

"Nilisahau."

"Siku tisa?"

"Nina kazi nyingi."

Shangazi alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Haya," mshonaji akasema, "sema. Nakuona unavyojibana."

"Unapeleka wote, hakuna anayepona. Watume wawili wawili. Mganga aende na mpiga mishale, jenerali aongoze jozi ya pili, yeye anajitibu mwenyewe. Wawili wabaki nyumbani. Utapata vitatu kwa siku."

"Akirudi ataanza ngazi ya kwanza. Hatakuwa yule aliyemlea kaka."

"Hatakuwa."

"Namtaka hivyo hivyo."

"Basi tutamlea. Na langoni hatoki."

Alichukua simu, akawatuma mganga na mpiga mishale. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano.

"Samahani kwa kuwaingilia wafalme," Shangazi alisema. "Viti niazime au nisiazime?"

Mshonaji hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Azima, Shangazi. Azima vingi. Wajomba zake wanakaa kwa kujitanua."

"Na soda wanywe moto?"

Sote tukageukia friji.

Tundu nililipata baadaye kidogo, dogo kama ncha ya sindano. Nikaliziba kwa moto, nikasukuma hewa ya majaribio bombani, nikaunganisha geji ya kupima presha. Mshonaji alichuchumaa kando yangu.

"Imepona?"

"Sijui. Inalala na hewa ndani mpaka asubuhi. Mshale wa geji ukibaki palepale najaza gesi. Ukishuka, naanza upya."

Akatoa chaki ya kukatia nguo, akachora mstari mwembamba juu ya kioo cha geji, palepale penye mshale.

"Njoo saa moja asubuhi," alisema. "Wale wawili wa pangoni nao watakuwa wamerudi. Tuangalie pamoja."

Nikakusanya vifaa, nikaiacha friji imegeukia ukuta na geji yake inaning'inia.