Mgeni wa Kwa Madame

Hodi ilipigwa mara moja tu, kwa sauti ya mwanamke, na Pulchérie akaitikia, "Karibu," bila kuinua kichwa. Pazia la mlango likasogea, likarudi. Hakuna aliyeingia.

Mikono yake ilikuwa ndani ya unga na mawazo yake mlimani. Jumamosi familia ingepanda kutembea kwa raha tu, jambo ambalo pale Baraka, mji wa Kongo kando ya ziwa, watu walikuwa wamelisahau tangu vita ya kwanza ya nchi yao. Walikuwa wamerudi kutoka kambini Tanzania, na mumewe Anatole, mwalimu mwenye maneno mengi, alikuwa amechoka kuiona milima kama mahali pa kukimbilia. Alitaka binti yao Vanessa, mwenye miaka sita, aijue kama mahali pa kula kuku.

"Tutapanda na kamio, ile lori ya soko, mupaka Lubondja," alisema Anatole, "kisha miguu kidogo. Tutafika Kwa Madame, tutakaa kwa baraza yake kama bakubwa, na magaribi tuko hapa."

Kwa Madame ilikuwa nyumba ya mapumziko ya wazungu wa zamani. Sasa zilibaki kuta na baraza ya mawe. Wenyeji waliipita kwa mbali, na Anatole alidai kwamba ni uvivu wa kupanda kilima.

Pulchérie akamgeukia mtoto. "We Vanessa, muntu anapiga hodi, unanyamaza? Na mwenye nyumba akikuaga, akisema karibu tena, unajibu nini?"

"Asante, karibu na kwetu."

"Ndiyo. Sitaki baseme mutoto wangu alikulia kambini bila adabu."

Adabu ya nyumba ile ilikuwa fahari yake, maana vita ilikuwa imemnyang'anya karibu kila kitu kingine.

Siku iliyofuata aliinua chupa ya mawese ili apike mboga, na mafuta hayakushuka. Yalikuwa yameganda hadi shingoni. Ilikuwa kiangazi, jua la Baraka linapasua midomo, na mafuta yameganda! Akasikia harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni uliolala, harufu ya kule juu. Ilitoka chumbani kwa Vanessa. Mtoto alikuwa amejifunika blanketi saa sita mchana.

"Iko mama moja analala na mi," alisema Vanessa. "Mikono yake iko baridi. Anauliza tutaenda kwake siku gani."

Anatole alicheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu umupe jembe!"

Pulchérie hakucheka. Usiku ule alimlaza mtoto katikati yao, na kila alipopapasa kumfunika alikuta blanketi limekwisha kuvutwa vizuri hadi kidevuni.

Kisha uvumi ukaja: wanajeshi wanahama, vita nyingine inanukia. Anatole akatangaza mezani kwamba safari imekufa. Papo hapo chumbani kitanda kikalia kama mtu mzito ameinuka ghafla.

Mchana huo Vanessa hakuonekana. Pulchérie alikimbia sokoni, akakimbia ufukweni, akakimbia barabara inayopanda milimani akiwa hana kiatu, akimwita kwa jina, na mbali sana, mahali ambapo nyumba zinaisha, akamwona mwanawe akitembea peke yake katikati ya vumbi, haharakishi, hageuki, mkono wake wa kulia umeinuliwa juu kama mtoto anavyoinua mkono anapoongozwa na mtu mzima, na vidole vyake vidogo vimekunjwa, vimeshika, na hapakuwa na kitu alichokuwa amekishika.

Akamnyakua. Mkono ule ulikuwa baridi hadi begani. Mama alilia pale pale barabarani, bila aibu.

Walimwita Koko Godelieve, bibi anayetibu kwa rozari mkono mmoja na majani mkono mwingine, na hakuna padri aliyefaulu kumfanya achague kimoja. Aliishika chupa ya mawese, akanusa chumba, akakaa karibu na mlango.

"Alipiga hodi mara ngapi?" alinong'ona.

"Moja."

"Muntu anapigaka tatu. Nani alijibu?"

"Ni mi, Koko. Sikuangalia. Nilijibu tu."

"Mulitangaza mutakuja kwake, sasa yeye amekuja kubapokea. Ule si muzungu. Hata bazungu balimukuta pale."

"Basi mufukuze, Koko," alisema Anatole. Mara hii hakuwa na mzaha.

"Mugeni hafukuzwaka. Anasindikizwaka. Musipomusindikiza, atajichagulia wa kumusindikiza, na ule hatarudi." Akamtazama Vanessa. "Aliyesema karibu ndiye amurudishe. Na mutoto mumubebe, sababu ule mugeni amemushika mukono. Atamwachia kwa mulango wake tu. Na akiagana nanyi, musijibu kitu. Hata kimoja."

Kwa hiyo Jumamosi walipanda, kama walivyokuwa wamepanga, ila hawakubeba kuku. Kwenye kizuizi cha barabara mwanajeshi aliwaambia washuke kwenye kamio, akazisoma karatasi zao.

"Murudi mbio," alisema. "Leo ndiyo mwisho. Kesho hii njia inafungwa." Kisha akatazama juu ya kamio. "Na ule madame, yeye hashuki?"

Anatole aliwapandisha mkewe na mtoto haraka. Mwanajeshi akawaruhusu.

Juu ya Lubondja ukungu ulikuwa umekaa kwenye baraza ya mawe. Vanessa alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake. Walipoikaribia ngazi, mgongo wa Pulchérie ukapata joto kwanza kidogo, kisha kote, na akajua mkono ule umeachiwa. Alitaka kupiga magoti ashukuru. Hakuthubutu.

"Asante kunisindikiza," ilisema sauti ya upole kutoka ndani. "Karibuni tena."

Anatole aliuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili. Pulchérie aliuma ulimi hadi akaonja damu, kwa maana neno lile lilikuwa linasukuma lenyewe, neno ambalo alikuwa amelisema tangu utotoni kila alipoagwa. Wote wawili walilishinda.

"Asante," alisema Vanessa mgongoni, akipikicha macho. "Karibu na kwetu."

Waliteremka karibu wanakimbia. Njia nzima mtoto alikuwa na joto, akiimba, akiuliza kwa nini hawakuleta kuku, na Pulchérie akajiambia kwamba mtoto hahesabiwi, mtoto hajui. Nyumbani alikimbilia chupa ya mawese kabla ya kuvua kitambaa cha kichwa. Akaiinamisha. Mafuta yakatiririka, mekundu, laini, na Anatole akamkumbatia mkewe mbele ya mtoto, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Ndipo hodi ikapigwa, mara moja.

Hawakujibu. Vanessa aliwatazama wazazi wake, akashangaa watu wazima wanaonyamazia hodi, akafungua mdomo. Pulchérie aliruka, akauziba kwa kiganja. Alifika kwa wakati. Mtoto hakutoa hata sauti. Lakini mwaliko ulikuwa umeshatolewa kule juu, na kesho njia ya kumsindikiza inafungwa.

Pazia la mlango likasogea, likarudi. Chini ya kiganja chake, midomo ya mtoto ikaanza kupoa.