Ndege Iliyopita Juu ya Same

Anold alikutana na Devotha stendi ya Same, miaka ile mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi na kila mtu akavaa kizungu. Basi lake lilikuwa limesimama abiria wapate kula, chai ikammwagikia shatini, akakimbilia meza ya nguo. Muuzaji alikuwa binti mrefu wa Kipare, gauni la maua, kilemba kimekazwa, na mdomo, jamani, usiombe. Akamwambia shati lina bei mbili, moja ya watu na moja ya watu wa Dar. Anold akalipa ya Dar huku anacheka, na moyo akauacha mezani.

Mwaka mzima wakapendana kwa simu ya posta, foleni nzima imetega sikio. Mwisho Anold akasema anakuja kuposa. Devotha akamweleza taratibu, maana kwao posa bila mjomba ni matembezi tu: mjomba Eliamini angeshuka kutoka Chome Jumamosi, na gari la mlimani ni moja, likiondoka mchana ndiyo basi tena.

"Panda basi la alfajiri, mpenzi wangu," alimsihi.

"Nitafika kabla ya hilo basi. We pendeza tu, unisubiri."

Hakusema zaidi. Alishapata kazi kwenye kampuni binafsi bandarini, na alitaka ukoo mzima usikie kwamba mkwe kaja kwa ndege. Aliambiwa Dar hadi Kilimanjaro ni saa moja hewani, ikamtosha. Mlima si aliuona mwenyewe akiwa pale stendi? Akajua kiwanja cha ndege chenye jina lake kiko jirani tu.

Jumamosi mabasi ya Dar yakaja, yakashusha watu, yakapita. Mjomba akatazama jua, akaaga kwa upole, akapanda gari la mlimani. Devotha alibaki pale mezani kwake na kitenge chake kipya, aibu imemjaa.

Ndipo Anold akashuka kwenye lori la vitunguu, suti imegeuka rangi kwa vumbi. Na lori lilitoka upande wa Moshi.

Devotha hakupaza sauti. "Dar iko kule. Wewe unatoka kwa nani huko Moshi?"

Anold akaapa hana mtu. Akaeleza ndege, akaeleza alivyoteremka na kukuta Same iko nyuma yake, mwendo wa kilomita zaidi ya mia, na malori hayasimami. "Nimepita juu ya kichwa chako asubuhi, Devo. Nilikuona kabisa."

"Muongo wewe."

"Niliona bati. Nikajua uko chini yake."

Devotha akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika meza. Hasira ikamwisha hapo hapo. Lakini mjomba alikuwa ameshapanda mlima, na posa haikuwa imepelekwa.

Devotha akafunga mzigo wake, akachagua raba kwenye mitumba, akamtupia Anold na kumwamuru avue viatu vya ngozi. Wangefuata njia ya miguu wakalale kwa shangazi yake huko juu, kesho wamkute mjomba akitoka kanisani.

Walipoanza kupanda, Anold akahema, akauliza ikiwa mjomba atakataa, itakuwaje.

"Mjomba atajibu habari ya mahari," Devotha alisema, akamshika mkono. "Habari yako nimeshajibu mimi."