Mtoto Aliyeitwa Solfa

Stendi ya Makambako upepo ulikuwa unachapa masikio. Esnath, kitenge cha njano juu ya sweta, mtoto mgongoni, alikuwa akipanga parachichi mezani aliposikia, "Mpenzi, hata hunioni?"

Aliijua sauti kabla hajageuka. Amon! Koti la kijivu, viatu vinang'aa. Mtu hatoki Njombe amejipamba hivi kwa salamu tu. Amefuata nini?

"Kamwene, Amon. Unanunua?"

"Nataka kujua mwanangu anaitwa nani."

"Solfa."

Amon akakunja uso. "Solfa? Zile do-re-mi za kwaya? Hilo jina la Rabson hilo! Nani mwingine anafundisha solfa pale kanisani?"

"Kumbe umelipa nauli kuja kunihesabia wanaume."

"Watu wanasema, Esnath."

"Watu! Hao hao waliosoma jina langu mbele ya usharika: Esnath ana mimba, ametengwa, asiimbe, asikaribie meza ya Bwana. Na wewe laazizi ulikuwa wapi? Mstari wa pili, unaimba tena, shingo imesimama. Mimba niliipata peke yangu, kama mafua?"

Amon akatazama chini.

"Alhamisi za mazoezi nilikaa nje, chini ya dirisha. Maneno hayakunifikia, ila do-re-mi zilipita ukutani. Mkianza tu, huyu tumboni anapiga teke. Nikasema, wamenitoa kwenye kwaya, basi nitaizaa. Rabson hajui hata kama ni wa kike."

Amon akatoa simu. Esnath akamkazia macho. Anampigia nani? Mama yake?

"Weka spika," akaamuru.

"Mwalimu Rabson? Amon hapa. Jumapili lisomwe jina langu. Mtoto wa Esnath ni wangu, na nilinyamaza. Nitengeni na mimi."

"Umelewa?" simu ikafoka. "Jumapili una solo!"

"Mpeni mwingine."

Esnath hakutabasamu. Simuni kila mtu shujaa.

"Nitakuja mwenyewe nisikie," alisema. "Wasipolisoma, hapa usikanyage tena."

"Na wakilisoma, mama Solfa?"

Lile jina, kinywani mwake, lilimgusa. Akalificha hilo haraka.

"Wakilisoma, nenda Kichiwa kwa baba. Simama mlangoni useme ulichofanya na unachotaka. Nitakuwepo, Amon. Nitakaa pembeni nikikutazama, na sitakusaidia hata neno moja."