Msomaji wa Uani

Kila asubuhi nyumba ile ilikuwa na sauti mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ya saa ya ukutani. Ya pili ilikuwa ya vidole vya binti vikigonga kompyuta. Baba na binti waliishi chini ya paa moja, lakini mazungumzo yao yalikuwa haba.

Baba alikuwa fundi saa. Macho yake yalikuwa yamefifia, naye alikuwa amefunga kibanda chake. Zana zake zilikaa sandukuni, zimepakwa mafuta na kufungwa kwa kitambaa safi, kana kwamba kesho angeitwa kazini. Mkewe alikuwa amefariki. Mchana kutwa mzee alikaa uani kwenye kiti cha mbao, simu mkononi.

Binti alikuwa karani wa kampuni ambayo ilifungwa. Sasa aliandika makala za kulipwa kwenye mtandao. Leo mteja alitaka habari za magodoro, kesho mwingine alitaka habari za rangi za kuta. Makala zilitoka bila jina lake. Wateja wenyewe hakuwajua kwa sura wala kwa sauti. Waliandika "sawa", kisha wakatoweka. Majirani walimwita Mwandishi, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli, kwa kuwa hawakuwahi kuona popote jina lake limechapishwa.

"Mama," baba alimwita binti yake siku moja kupitia dirisha, "hiyo kompyuta imekuoa, na posa sikuiona."

"Ndiyo inayotulisha, Baba."

"Basi iambie ije inisalimie mkwe wake."

Mwandishi alicheka kidogo, akarudi kazini. Baba alingoja aone kama ataongeza neno. Hakuongeza.

Nyumba ile ilikuwa na hofu moja. Baba Mdogo, ndugu yake Fundi Saa, alikuwa na ghala la bidhaa katika mji mwingine. Alimtaka Mwandishi akalisimamie.

"Nakupa mpaka mvua ziishe," alimwambia kwenye simu. "Kama maandishi yanakulisha, kaa. Kama ni ubishi tu, njoo ufanye kazi."

Fundi Saa hangeweza kuhama. Nyumba ile aliijua kwa kupapasa. Kwingine angekuwa kipofu kabisa. Binti akiondoka, mzee angebaki peke yake. Wote wawili walilijua hilo. Hakuna aliyelisema.

Tumaini la Mwandishi lilikuwa blogu yake, yaani ukurasa wake mwenyewe kwenye mtandao, wenye jina lake. Humo aliandika kila kilichomjia: tafakari za asubuhi, mpira, shairi la mvua, mambo ya siasa. Kila siku aliangalia idadi ya wageni waliofungua ukurasa. Idadi ilikuwa ikipanda. Moyo wake ulipanda nayo. Aliacha kutafuta wateja wapya. Alikataa hata kazi moja ya maana, akiamini kwamba wageni wakizidi, wafanyabiashara watakuja wenyewe kuweka matangazo.

Jambo moja tu lilimsumbua. Hakuna mgeni aliyewahi kuandika hata neno moja la maoni. Aliwaandikia, "Karibuni, semeni lolote." Kimya. Ilikuwa kama kuzungumza katika ukumbi uliojaa watu waliogeuza migongo.

Jirani yao, mwanamke wa rika la Mwandishi, alikuwa mkutubi. Alifanya kazi katika maktaba ya mji, na ndiye aliyetunza tovuti ya maktaba. Jumamosi moja alikuja kuwajulia hali.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Mwenzako yumo ndani na mumewe."

"Mume? Lini tena?"

"Gonga mlango, utamsikia akitatarika."

Mkutubi aliingia akicheka. Mwandishi alimwonyesha idadi ya wageni kwa fahari. Mkutubi akavuta kiti karibu na dirisha.

"Nifungulie takwimu zote, dada. Idadi peke yake haitoshi. Lazima ujue wageni wanatoka wapi, wanasoma nini, wanakaa muda gani."

Mwandishi hakuwahi kuzifungua. Lilikuwa kosa, na ni kosa la wengi: kupenda tarakimu bila kuihoji.

Mkutubi alisoma kimya. Uso wake ukabadilika.

"Karibu wote wako mji huu huu," alisema polepole. "Wanatumia simu ya aina moja. Na hawakai. Wanafungua, wanafunga."

"Labda wanasoma haraka."

"Kwa kupepesa jicho?"

Wakati huo simu ilitoa mlio uani. Ti! Idadi kwenye kompyuta ikaongezeka kwa mmoja. Ti! Mwingine akaongezeka. Wanawake wale walitazamana. Ti! Mwandishi aliinuka, akafungua dirisha lote.

Baba yake alikuwa ameinamia simu, karibu iguse pua. Alifungua ukurasa, akaufunga, akaufungua tena. Alifanya hivyo kwa uangalifu, kama mtu anayetia saa ufunguo.

"Baba, unafanya nini?"

Mzee alishtuka. Akaiweka simu magotini.

"Nilitaka uone watu wamekuja," alisema. "Ukiona hakuna mtu, utakwenda kwa baba yako mdogo."

"Kumbe unasoma?"

"Kwa macho haya? Naona weusi wa mistari tu. Lakini najua ni wewe."

Mwandishi alifunga dirisha taratibu, akakaa. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nauandikia ukuta."

"Hukuuandikia ukuta," Mkutubi alimjibu. "Uliandika bila kuulizwa. Nisikilize. Kila siku watu huja maktaba. Hawaniulizi, 'Je, zipo tafakari za asubuhi?' Wanauliza, 'Kwa nini kuku wangu hawatagi? Barua ya kuomba kazi huandikwaje?' Kwenye mtandao ni hivyo hivyo. Mtu huandika swali lake, kisha hufungua ukurasa unaolijibu. Wewe unajibu swali gani?"

"Mimi naandika kila kitu."

"Duka linalouza misumari, maandazi na vitabu vya sala, mteja hajui alikumbuke kwa lipi. Chagua jambo moja unalolijua kuliko wengine. Lipe kila andiko kichwa chenye swali lenyewe la msomaji. Jibu limpate mapema, kwa maneno mepesi. Mwisho wa andiko mwelekeze kwenye andiko jingine linalofanana nalo. Akikuandikia, mjibu. Halafu ziondoe ziara za nyumbani, kama hizi za Mzee, katika hesabu."

"Zipo kurasa zinazouza wageni kwa maelfu. Nimeona tangazo."

"Hao ni mitambo, wala si watu!" Mkutubi alikuja juu. "Ni udanganyifu, na wa kwanza kudanganywa ni wewe. Na wateja wa makala usiwakatae. Blogu ni dirisha la duka. Wateja ndio mauzo. Mteja mpya mwonyeshe blogu aone mkono wako. Kubalianeni malipo kwa maandishi kabla hujaanza. Wala usimtegemee mmoja tu."

"Lakini mimi ninajua nini kuliko wengine?"

Mkutubi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa ya zamani, nayo ilikwenda sawasawa.

Jioni ile Mwandishi aliziondoa ziara za nyumbani katika hesabu. Idadi ilianguka. Alibaki mgeni mmoja mmoja, aliyepotea njia. Alitazama kioo kitupu cha kompyuta, akaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa peke yake. Kisha akabeba kompyuta, akaenda kukaa uani.

"Baba, saa ya ukutani ikichelewa, tatizo huwa nini?"

Fundi Saa aligeuza kichwa. Miaka ilikuwa imepita bila mtu kumuuliza swali kama hilo.

"Saa ya aina gani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya kibandani. "Saa ya betri ina lake. Saa ya uzito unaobembea ina lake. Andika."

Waliandika. Mzee alisema, binti akapanga maneno, kisha akamsomea kwa sauti. "Hapo umeruka," mzee angesema. "Ukimwambia abadilishe betri bila kumwambia asafishe kutu, umemdanganya." Kila andiko lilibeba swali moja. Saa ya mkono imeingia maji, nifanye nini? Saa ya betri inarudi nyuma, kwa nini? Wakati huo huo Mwandishi alitafuta tena wateja, akawaonyesha kazi yake yenye jina.

Mambo hayakugeuka upesi. Kwa majuma kadhaa wageni walikuwa wachache mno. Hata hivyo, sasa walitoka miji ya mbali, na walikaa wakasoma hadi mwisho. Kabla mvua hazijaisha, muuzaji wa saa aliziona makala hizo, akampa Mwandishi kazi ya kumwandikia maelezo ya bidhaa zake, mwezi hadi mwezi. Wateja wengine wawili wakafuata.

Baba Mdogo alipopiga simu, Mwandishi alimjibu kwa heshima. "Siji, Baba Mdogo. Kazi ninayo, na msaidizi ninaye."

"Msaidizi gani?"

"Kaka yako."

Asubuhi moja ulikuja ujumbe wa mwanamke wasiyemjua. Mwandishi alimsomea baba yake. "Nina saa ya marehemu mume wangu, ya uzito unaobembea. Inasimama kila mara. Nimeambiwa niitupe."

"Asiitupe!" Mzee alisema. "Mwambie aisikilize. Kama sauti yake inachechemea, imetundikwa upande. Ainyooshe polepole mpaka mapigo yalingane."

Mwandishi akaandika hivyo. Jibu lilirudi wangali wamekaa.

"Inatembea. Niko peke yangu hapa, lakini sasa nyumba ina sauti."

"Soma tena," alisema Fundi Saa.

Mwandishi akamsomea tena.