Kabati Nyuma ya Mlango

Mhariri alikutwa Jumamosi asubuhi, kifudifudi kati ya meza na kiti, penseli ingali nyuma ya sikio. Damu ilikuwa imekauka juu ya karatasi zilizotapakaa sakafuni. Kando ya kichwa chake ililala mashine ya kutobolea karatasi, ile ya zamani ya chuma tupu, nzito kama pasi ya mkaa.

"Nani kamkuta?" Inspekta aliuliza.

"Mwenye nyumba, afande. Yuko chini anatetemeka," Sajini alijibu. "Anasema alipanda kuuliza kwa nini leo viti haviburuzwi."

"Viti?"

"Ndivyo alivyosema."

Mtaalamu wa uchunguzi alipiga magoti, akatazama, akanusa, akasimama. Kifo cha Alhamisi, alisema, mchana au jioni. Pigo moja la nyuma ya kichwa. Maana yake mtu huyu alilala pale tangu Alhamisi na hakuna aliyemuulizia. Inspekta alilifikiria hilo zaidi ya alivyotaka. Tangu mkewe afariki, naye alikuwa akiishi peke yake, na mara nyingine alijiuliza ni nani angegonga mlango wake kwanza. Jibu halikuwa la kufurahisha.

"Mimi naona ni wizi," Sajini alisema. Kijana huyu hufunga kesi haraka kuliko watu wanavyofunga viatu. "Kaja mwizi, kamkuta mwenyewe ndani, kampiga, kapekua, katokomea."

Kweli, chumba kilikuwa kimevurugwa. Droo zilikuwa nje, kiti kimepinduliwa miguu juu, vitabu vimemwagwa, pazia limening'inia kwa pete moja.

Inspekta alivuka chumba taratibu mpaka dirishani, akageuka.

"Njoo usimame hapa."

Sajini alikwenda. Akatazama. Akakunja uso.

Kutoka dirishani, upande wa mlangoni ulikuwa kama chumba cha mtu aliyefagia asubuhi. Rafu zisizoonekana kutoka mlangoni zilikuwa zimepangwa vizuri. Vitu ndani ya droo havikuguswa. Na nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguka unapaficha, palikuwa na kabati dogo lililofungwa, ufunguo ukining'inia kwenye kitasa chake.

"Mwizi gani anaacha kabati lenye ufunguo mlangoni?"

"Labda hakuliona, afande."

"Kapindua mpaka kiti, kabati asilione?" Inspekta alirudi mlangoni. "Aliyefanya haya alisimama hapa akatazama. Akarudi kurekebisha. Akaja kutazama tena. Fujo hii imepangwa kwa mtu anayeingia."

Sajini alinyoosha mkono kwenye kabati. Mtaalamu akamkemea: kwanza alama za vidole.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi jikoni kwake, khanga mdomoni.

"Kaishi hapa muda mrefu, mwanangu. Mtu mpole, hana mke, hana mtoto, hana hata paka. Harufu niliisikia jana, nikadhani panya kafa darini. Mungu anisamehe."

"Na viti je?"

"Kila Jumamosi wanakuja waandishi wake. Wanasoma kwa sauti, wanahamisha viti juu ya kichwa changu, na mmoja anasimama mlangoni kama askari. Zamani ngazi zangu zilikuwa hazipitiki. Siku hizi wamebaki wawili: yule kinyozi na dada wa maktaba."

"Alhamisi ulisikia chochote?"

"Alhamisi nashinda kwa dada yangu. Kila mtu mtaani anajua."

Kinyozi alikuwa amekaa kwenye ngazi, bahasha mapajani. Alikuwa mtu mnene, mwenye nywele chache mno kwa kazi yake, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Umekuja saa ngapi?"

"Saa zetu za siku zote, afande. Nikamkuta mama analia."

"Mwenzako yuko wapi? Wa maktaba."

"Hajaja. Na huyo hajawahi kukosa. Hata akiwa na homa anakuja."

Inspekta aliketi ngazi moja chini yake.

"Niambie mnafanya nini humu ndani."

"Tunaandika filamu, afande. Usinicheke. Mimi nanyoa watu, jioni naandika. Mhariri alikuwa na jarida lake, anatoa habari za sisi tusiojulikana: kampuni gani inatafuta mswada, semina iko wapi, siku ya mwisho lini. Na Jumamosi tunasomeana."

"Na huyo anayesimama mlangoni?"

"Ni mwenye mswada. Ndiyo sheria ya Mhariri. Mlango ndio kamera. Unasimama pale, sisi tunapanga viti na vitu kama ulivyoandika, halafu unatueleza unachokiona. Usichokiona kutoka mlangoni, unakifuta. Alikuwa mkali hapo. Anasema kamera haina habari na kilicho nyuma ya mlango."

Inspekta na Sajini walitazamana. Sajini akamtazama Kinyozi kwa jicho jipya, mkono ukashuka kwenye pingu. Inspekta akatikisa kichwa: bado.

"Unalo jarida hilo?"

Kinyozi alitoa karatasi mbili zilizobanwa pini. "Zamani lilikuwa na kurasa nyingi. Kampuni zikafungwa, semina zikafa. Limebaki shindano moja, la kila mwaka. Mshindi filamu yake inatengenezwa. Hili hapa, na namba ya katibu."

"Piga," Inspekta alimwambia Sajini.

Sajini akapiga. Ngazi nzima ilinyamaza. Halafu, kwa mbali, juu, ndani ya chumba cha marehemu, simu ikaanza kulia.

Walipanda mbio. Mlio ulitoka kwenye kabati nyuma ya mlango. Mtaalamu alikuwa amemaliza alama zake, akafungua kwa mikono yenye glavu. Simu ndogo ya vitufe ilikuwa juu ya marundo ya bahasha, ikilia na kutetemeka, chaja yake ikiwa ukutani. Chini yake ilikuwapo miswada yote iliyotumwa kwenye shindano, mwaka baada ya mwaka, na kila ukurasa umeandikwa maoni kwa penseli.

Inspekta alitazama kioo cha simu kwa muda, kisha akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Kinyozi alikuwa amewafuata hadi kizingitini. Alitazama bahasha zenye mwandiko wake mwenyewe.

"Kwa hiyo waamuzi..."

"Alikuwa yeye."

"Na katibu?"

"Yeye."

Kinyozi alishika fremu ya mlango. "Mwaka jana niliandikiwa kwamba nimefika hatua ya pili. Nilinyoa watu bure siku nzima, afande. Nilifunga barabara kwa foleni." Akajaribu kucheka, kicheko kikamgeukia kuwa kilio. Sajini, ambaye dakika chache nyuma alitaka kumfunga pingu, akamtafutia kiti.

Inspekta alipanga bahasha kwa miaka. Kinyozi alikuwa na mswada mpya kila mwaka. Mkutubi, yule dada wa maktaba, alikuwa na mmoja tu, ule ule, alioufanyia marekebisho na kuutuma upya kila mara. Rundo la mwaka huu lilikuwa na mswada wa Kinyozi peke yake. Bahasha ya Mkutubi ilikuwapo, lakini ilikuwa tupu.

Jumapili Inspekta alipika chakula cha watu wawili, kwa mazoea ambayo hayakutaka kumtoka, akakaa mezani na miswada ya Mkutubi. Ilikuwa hadithi ya mapacha wawili. Mmoja anaondoka nyumbani asubuhi ya mvua, amevua viatu vyake vya njano na kuvishika mkononi ili visiloane. Mwingine amebaki dirishani, amemnunia kwa ugomvi wa kijinga, hatoki kumuaga. Aliyeondoka harudi tena. Pembezoni mwa ukurasa ule, kila mwaka, penseli ilikuwa imeuliza swali lile lile: *Mvua hii inamnyeshea nani?*

Aliisoma yote. Chakula kikapoa, na hakukumbuka kukipasha.

Jumatatu maktaba ilikuwa karibu tupu. Mkutubi, mwanamke mwembamba wa makamo, sweta limefungwa vifungo vyote, alikuwa akigonga mihuri kwenye vitabu. Mkoba wake ulikuwa juu ya meza, chini ya kiwiko chake. Aliinua macho, akaona sare ya Sajini.

"Mmekuja kuazima kitabu au kuniazima mimi?"

"Tuna maswali machache, dada. Kituoni."

Alifunga kidau cha wino, akavaa mkoba begani, akatoka mbele yao bila kuuliza ni kuhusu nini. Kosa la kwanza, Sajini aliwaza. Inspekta aliwaza kwamba mtu huyu amechoka.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na taa iliyokuwa ikiguna.

"Una haki ya kukaa kimya. Una haki ya wakili."

"Naelewa."

"Alhamisi mchana ulikuwa wapi?"

"Maktaba."

"Maktaba ilifungwa mchana. Walinzi wanasema ulitundika kibao ukaondoka."

Mkutubi aliuvuta mkoba karibu yake.

"Jumamosi hukwenda kwa Mhariri. Kwa nini?"

"Sikujisikia vizuri."

"Kinyozi anasema hata na homa huwa unakwenda."

"Kinyozi anasema mengi."

Inspekta aliweka mfuko wa kielelezo mezani. "Simu hii ni ya katibu wa shindano. Kulikuwa na miito miwili isiyopokelewa. Mmoja ni wa Sajini huyu. Mwingine ni wa Alhamisi. Namba ni yako."

"Nilitaka kujua matokeo."

"Ulipiga ukiwa wapi?"

Mkutubi alitazama mikono yake.

"Ulipiga umekaa mbele yake, dada. Simu ikalia kabatini. Ndiyo maana ulivuruga chumba kizima na kabati hukuligusa: ulishajua kilichomo. Ulisimama mlangoni, kama alivyokufundisha, ukafuta kila kisichoonekana. Na mswada wako wa mwaka huu ulikuwa mezani kwake, ukaondoka nao. Uko wapi?"

Taa iliguna. Mkutubi alifungua mkoba, akatoa karatasi zilizofungwa kwa uzi, akaziweka mezani. Kona ya ukurasa wa juu ilikuwa na doa la kahawia.

"Pacha wangu," alisema. "Ule ugomvi ulikuwa wa kweli. Hata picha yake sina, tulikuwa watu maskini. Sura yake ni hii yangu, lakini mimi sikujua kucheka kama yeye. Nilitaka apatikane msichana wa kumwigiza, atembee kwenye ile mvua, watu waliokaa gizani wamwone. Basi. Sikutaka jina wala pesa."

"Endelea."

"Kila mwaka waamuzi wananiandikia. Nimekaribia. Nimefika fainali. Ila mvua, wanasema, mvua hii inamnyeshea nani? Miaka yote nimeiandika upya mvua ile, Inspekta. Nilikuwa nikimwambia kaburini, subiri, mwakani. Halafu Jumamosi ile nyingine Kinyozi anasoma kipande chake, na Mhariri anainua penseli, anamwambia: mvua hii inamnyeshea nani?"

Sajini alisahau kuandika.

"Nilikaa na jambo hilo mpaka Alhamisi. Nikaenda, nikaketi mbele yake, nikapiga. Ikalia. Alishtuka, akainuka kuizima, halafu akakaa tena. Hakubisha. Alisema habari za kweli ziliisha zamani, na kama asingeturushia kitu tusingekuja tena. Alisema Jumamosi bila sisi hajui angeifanyia nini."

"Ulimwamini?"

"Nilimwamini. Mimi pia sijui Jumamosi niifanyie nini." Aligusa uzi wa zile karatasi. "Ningetoka nikaenda zangu. Lakini aliinama kuokota penseli yake, akaiweka sikioni, akasema akiwa kanipa kisogo: mimi nimekusoma miaka yote hii, neno kwa neno, si inatosha? Inspekta, alisema inatosha. Pacha wangu kufungiwa kabatini, nyuma ya mlango, mahali ambapo kamera haioni. Ile mashine ilikuwa karibu na mkono wangu."

Inspekta alimwashiria Sajini aandike, Sajini akaandika.

"Umeusoma?" Mkutubi aliuliza.

"Wote. Tangu ule wa kwanza."

"Ukamwona?"

Inspekta ni mtu wa kujibu kwa ufupi, na kazini hapaswi kujibu maswali kama hayo hata kidogo.

"Nimemwona. Amevua viatu vyake vya njano, kavishika mkononi visiloane. Hajageuka kutazama dirishani. Mvua inamnyeshea yeye, lakini aliyeloa ni wewe."

Mkutubi aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, akalia kwa sauti, bila kujificha.

"Maisha yangu yote nimepata wasomaji wawili," alisema alipoweza kusema. "Na mmoja nimemuua mwenyewe."

Sajini alimsogezea karatasi ya maelezo na kalamu. Mkutubi aliisoma yote kwa makini, kama mtu aliyezoea kusoma, akaweka sahihi yake chini.