Kiti Kilichotundikwa Wima

Tak.

Kitu cha mbao kiligonga ukuta gizani, mara moja tu. Dada Thankful, aliyekuwa jikoni akikanda unga wa mkate, alidhani ni paka.

Kulipopambazuka, kitabu cha Mzee Barzillai, kiongozi wa jumuiya yao ya kidini, hakikuwapo juu ya kabati refu. Alikuwa amekiandika kwa mkono wake miaka mitano, akieleza kwamba rehema ya Mungu itamfikia kila mtu, hata wafu. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja. Kesho yake ilikuwa iende Albany kwa mpiga chapa.

Konstebo Eliphalet Crane alifika na tope kwenye buti.

"Unamshuku nani, Mzee?"

"Watu wa mjini. Wanatuita Washeka, wanatucheka tunavyotetemeka ibadani. Juzi walitupiga mawe."

Crane alikagua chumba. Kufuli zima. Dirisha zima. Hakuna unyayo. Ukutani viti vilining'inia kwenye vigingi, miguu juu. Kimoja tu kilikuwa miguu chini.

"Dada, mbona hiki hakifanani na wenzake?"

Thankful alicheka. "Afande naye! Sisi tunavitundika kichwa chini, vumbi lisikae pa kukalia. Aliyetundika hicho ni..." Kicheko kikamkauka. "Basi si paka niliyemsikia."

"Mwizi wa mjini angekiacha sakafuni," Crane alisema taratibu. "Mwenyeji wenu angekipindua. Huyu kajifunza nusu. Nani mgeni hapa?"

Macho yote yakamwendea Mehitabel Frost, mama kijana, mfupi, aliyejiunga nao majira ya kuchipua pamoja na binti yake, Lovina.

"Ulipanda kiti?"

"Ndiyo."

"Kitabu kiko wapi?"

"Chini ya godoro langu. Hakijakunjika."

"Unajua kusoma?"

"Hata herufi moja."

"Sasa cha nini?"

Mehitabel alikunja aproni mikononi.

"Mwanangu Asa alikufa hajabatizwa. Mchungaji wetu wa zamani alikataa kumzika ndani ya ua wa kanisa. Akasema anaungua. Afande, alikuwa na jino moja tu. Halafu Mzee akatusomea humo kwamba wafu bado wanasikia. Lovina kashajua kusoma. Nilitaka akamsomee mdogo wake."

"Si ungeomba tu, mwenzetu!" Thankful alifoka huku machozi yakimtoka.

"Mngeniambia ningoje kipigwe chapa. Mimi naweza kungoja. Yeye yumo motoni. Nifukuzeni, lakini asomewe kwanza."

Mzee Barzillai alijishika ukutani.

"Miaka mitano nimeandika," alinong'ona, "na sijaamini hivi hata siku moja."

"Unamshtaki, Mzee?"

"Nifungie farasi kwenye mkokoteni, Konstebo. Twende sote."

Kaburi lilikuwa nje ya ua wa kanisa, nyasi zimelifunika. Crane, mshirika wa kanisa lile lile, alivua kofia. Lovina alipiga magoti, akasoma kwa kidole, neno kwa neno, hadi jua likapanda.

Kisha akafunga kitabu, akainamia nyasi.

"Asa, kwenye rehema na wewe umo."