Mlango wa Asiye na Mama

Asubuhi ile Mouna alimwita mama yake "Madame". Zaina alicheka, akadhani mtoto anaiga watu wa biro, ofisini kwake. Kesho yake akamwita hivyo tena, kwa adabu ya mgeni, na nguo zake zilinuka udi ilhali nyumbani hakuna aliyefukiza.

Zaina hakucheka tena, maana alijua alichofanya. Kazini kwake waliandikisha watoto waliokimbilia Kalemie, na wa mjini pia, Mouna akiwemo. Kila mtoto alikuwa na faili yake ya XML, na kompyuta iliikagua kwa kufuata skima, faili ya kanuni iliyokaa Kinshasa. Mtandao ukikatika, kazi inalala. Basi akaweka nakala ya skima kwenye mashine yake, akauelekeza ukaguzi uisome hiyo. Hapo hakukosea. Kosa lilikuja alipochoshwa na foleni ya mashangazi wasiojua majina ya mama za watoto, akafuta katika nakala yake neno moja tu, lile la "lazima" kwenye jina la mama. Faili zote zikapita, hata zisizo na jina la mama. Mkubwa wake akamsifu, naye akazipokea sifa bila haya.

Sheki Alfani alipokuja kumsomea Mouna dua ya kumtoa jini, aliuliza kwanza kinachoulizwa siku zote: huyu ni nani, na mama yake ni nani.

"Mimi njo mama yake," Zaina alinong'ona.

Mtoto akageuka polepole. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito na kavu.

"Mimi sina mama. Wewe njo ulinifungulia mulango."

Zaina alikimbia hadi biro juani, akilia, akijilaani, akiwawaza wale watoto wote aliowaandika kama waliookotwa njiani, akafungua ile nakala, akarudisha neno alilolifuta, akaanzisha ukaguzi upya. Kwenye orodha ya faili, mistari isiyo na jina la mama ikawa myekundu. Wa Mouna nao: mahali pa mama, alipopajaza mwenyewe, palikuwa patupu. Akaandika: Zaina. Mstari ukawa kijani.

Mstari wa chini yake ukawa kijani pia, bila kuguswa. Mtoto wa mstari huo hakuwa na jina. Mama: Zaina.

Aliporudi, Mouna alimrukia shingoni. "Mama," alisema, na Zaina akalia kwa shukrani. Sheki hakutabasamu. Alikuwa akitazama mlango wa chumbani, ilikokuwa ikitoka harufu ya ule udi, na sauti ya pili, nzito na kavu, ikaita kutoka ndani:

"Mama."

Zaina aliukumbuka ule mstari wa mtoto asiye na jina, akaona aibu kunyamaza. Akaitika.